Mabati yamepinda, nauli imekatwa. Nyinyi mwajikinga vipi?

trela_la_wazi
Salaam aleikum mabwana. Mi nabeba mizigo na trela la wazi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, gati la kuvukia Amu (Lamu): mabati, nondo, mara nyingine mbao. Mwezi uliopita nimeshusha mabati pale gatini, karani wa mwenye mali akatia sahihi, kila mtu akenda zake. Siku ya tatu napigiwa simu kutoka Amu ati mabati kumi na moja yamepinda pembe na nauli anakata. Namuuliza yamepindia wapi, kwa gari ama kwa jahazi, ananambia yeye hajui jahazi, mzigo alinipa mimi. Na nisiwafiche, nilipofika Minjila mkanda mmoja wa kufungia mzigo nilikuta umelegea, nikaukaza nikaendelea. Sasa nyinyi mwafanyaje msikatwe?

mzee_wa_gati
Ami, kosa ni kuacha mzigo uvuke maji bila kukaguliwa. Ukishusha Mokowe mahamali wanabeba, jahazi linapakia, Amu mahamali wengine wanashusha, halafu punda ama mkokoteni, hadi ufike dukani umeshikwa na mikono chungu nzima na mwenye lawama ni wewe tu mwenye gari lenye namba. Mi sishushi hata bati moja mpaka karani aje tuhesabu, aandike kwa mkono wake kwenye dilivari, ile karatasi ya kupokelea mzigo, "mazima", ama yaliyopinda ni mangapi, ndo atie sahihi na saa. Akikataa napiga picha mzigo ukiwa bado juu ya gari, namba ionekane. Na anzia godauni Mombasa, manake kuna siku folklifti ya hukohuko ndo imepinda pembe, ukisaini kimya ushanunua kesi.

kaza_mkanda
Ya karatasi sikatai lakini huo mkanda wa Minjila haukulegea Minjila, ulianza kitambo, mzigo ukiruka matuta unajikalia chini na mkanda unabaki mlegevu. Marekani sheria yao yataka dereva akague ndani ya maili 50 za mwanzo, kama kilomita 80 hivi, na nguvu ya mikanda yote kwa jumla isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Mi nasimama Kilifi, Malindi, halafu Garsen. Soma na kile kitambaa kilichoshonewa kwa mkanda: muuzaji atakwambia tani 5, kitambaa kimeandikwa LC 2500 daN, yaani ukivutwa moja kwa moja ni tani mbili na nusu, hiyo tano ni ukizungushwa kwenye mzigo. Na mkanda usikalie bati lenyewe. Laza mbao juu upana wote, itokeze kidogo kushinda bati, mkanda ukandamize mbao.

Hebu uliza jambo moja, hayo kumi na moja yalikua ya juu ama ya katikati? Ya juu ni mkanda wako, ya katikati ni mahamali.

duka_malindi
Mi niko upande wa pili, nauza hadiwea hapa Malindi. Pembe tutazungumza, lakini maji hapana. Mabati yakinyeshewa yakiwa yamelaliana maji yanabaki katikati hayakauki, yanatoa kutu nyeupe kama unga, mteja akiiona hanunui. Uniletee turubai lenye matundu halafu unionyeshe picha mia za godauni, sipokei.

trela_la_wazi
Shukran nyote. Na bima je?

mzee_wa_gati
Ile third party ya gari hailipi mzigo uliobeba, usijidanganye. Kuna bima ya mzigo wenyewe ukiwa safarini, ulizia, ila soma masharti kabla hujalipa, uone wanasemaje kuhusu mzigo uliofungwa vibaya.

trela_la_wazi
Nimepiga simu Amu. Ni ya juu. Yote kumi na moja 😅

kaza_mkanda
Pole bwana. Mbao hizo waweza kukatiwa hapo hapo Mombasa kabla hujapakia, si ghali.

trela_la_wazi
Alhamisi napakia tena, nazitafuta kesho asubuhi.