Naomba ushauri: Hilux ya zamani, nivue bodi niweke jukwaa?

Wakuu, habari za leo. Nina Hilux yenye injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo (turbo). Nipo Mafinga, nabeba mbao. Bodi la nyuma limeoza kwa kutu mpaka unaiona barabara, nataka nilivue niweke jukwaa la vyuma vya chaneli na mbao ngumu.

Asubuhi inawaka kwa shida na moshi mweupe, ikipata moto inatulia. Fundi mmoja anasema ni plagi za kupashia joto injini ikiwa baridi, mwingine anataka ashushe pampu ya dizeli na nozeli zote. Nianze na lipi kabla sijamwaga hela?

Chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) ndiyo inaninyima usingizi. Nyuma ya kebini nikigonga nyundo, magamba ya kutu yanadondoka. Fundi anataka kuchomelea jukwaa moja kwa moja kwenye chesisi. Mimi naona bora bolti za U na mpira katikati. Aliyewahi kufanya, ipi ilidumu? Na nikiongeza majani mawili ya springi kila upande, nitaumiza nini? Kuhusu kadi ya gari nako, mlianzia wapi kubadilisha aina ya bodi?