Nimeuziwa "GTX 1050 Ti ya GB 4", kumbe ni GTS 450 ya mwaka 2010

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitoe nyongo.

Miezi mitano nimejinyima. Chipsi imegeuka muhogo, bodaboda imegeuka daladala, tena ya kusimama. Yote hiyo nipate kadi moja tu ya grafiki, na wala siyo ya maajabu: GTX 1050 Ti. Kadi ya 2016 jamani, siyo kwamba nilitaka makuu. FIFA 23 na FC 24 kwenye mahitaji ya chini wameitaja hiyo hiyo, ya memori ya GB 4, na mimi na mdogo wangu tunachotaka ni mpira. Mashine yetu ni Optiplex 9020 ya mnara, i5-4590, pawa saplai ya wati 290. Kuna watakaokuja kuniambia i5 hiyo imezeeka. Imezeeka, naijua, siyo mada ya leo.

Hizi Optiplex za mtumba kutoka maofisini pawa saplai yake haina waya wa ziada wa kulisha kadi. 1050 Ti inakula wati 75, na zile za kawaida zinajitosheleza na umeme wa kwenye mazabodi. Unachomeka, unafunga skrubu, unacheza. Nilisoma wiki mbili nzima kabla ya kutoa hela. Ndiyo maana inaniuma.

Jumamosi nikaingia Kariakoo. Jina la duka silitaji, sitaki kesi juu ya hasara. Swali la kwanza la muuzaji: "Bosi, unataka ya GB ngapi?"

Likumbukeni hilo swali.

Nikamwambia 1050 Ti, GB 4. Akashusha boksi lenye picha ya roboti, kampuni sijawahi kuisikia. Laki mbili na arobaini, tukavutana hadi laki mbili na kumi. Kadi nzito, feni mbili nyekundu. Nyuma ina HDMI, DVI na VGA. Mimi huyu huyu nikafurahi kuona VGA, maana monita yetu ni ya zamani, nikaona nimeokoa hela ya kibadilishio. Halafu nikaona tundu la pini 6. Nikauliza, mbona inataka waya? "Hiyo ni OC, kaka, imeongezwa kasi kiwandani, ndiyo maana inataka moto zaidi." Na kweli 1050 Ti zenye pini 6 zipo, kwa hiyo nikameza. Akaniuzia na kiwaya cha kuunganisha kutoka soketi ya SATA, elfu nane.

Msiniambie nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia lilifunguliwa, mbuzi nikamwona, akalia mee mbele yangu. Jamaa aliichomeka kwenye mashine ya dukani, akafungua taarifa za mfumo, ikasoma: NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti, MB 4096. Akanigeuzia monita. "Umeona mwenyewe?" Nikaona mwenyewe.

Nyumbani nikashusha draiva mpya, ile programu ya kuiendesha kadi, kutoka tovuti ya Nvidia. Skrini nyeusi. Kuwasha tena, maandishi makubwa kama ya bango la barabarani, na kwenye kadi kuna alama ya njano na kosa namba 43. Nikampigia muuzaji, akasema nitumie draiva ya kwenye CD aliyonipa, nisishushe nyingine yoyote. Nikafanya hivyo, jina la 1050 Ti likarudi. FIFA 23 ukiifungua inafikiri kidogo, inajifunga, kimya, hata samahani haisemi. GTA V ikakubali. Tukashangilia. Dogo akaiba gari, akakata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, majengo yakaanza kugeuka vibox vya zambarau na kijani, mashine ikaganda. Tukarudia mara nne, kila mara inafia baada ya dakika moja au mbili. Mara ya nne tukasikia harufu. Kile kiwaya cha SATA plastiki yake ilishaanza kulainika. Soketi ya SATA imepangiwa wati 54 hivi kwenye laini ya volti 12, huku pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Kiwaya kinauzwa kaunta kama pipi.

Ndipo nikashusha GPU-Z. Tangu 2018 hii programu inatambua kadi za Nvidia za kughushi. Ikaniandikia FAKE mbele ya jina, kwenye mabano, bila aibu. Shedaz, yaani vichakataji vidogo vya ndani ya chipu, 192. 1050 Ti ina 768. Sikutaka kuamini programu, nikachukua bisibisi nikavua feni na bati lake. Grisi ya kupozea imekauka kama unga wa chaki. Nikaifuta kwa spiriti, chipu ikasoma GF106-250. 1050 Ti inatakiwa isome GP107. Nimenunua GTS 450, kadi ya mwaka 2010, GB 1, mlaji wa wati 106. Mtu ameichukua, ameipachika feni mpya, ameiandikia BIOS ya uongo (programu ya ndani ya kadi inayoitambulisha kwa kompyuta) ili ijitambulishe kwa jina la mwenzake na kujigamba ina GB 4. Gemu ikijaza ile GB 1 ya ukweli inatafuta zilizobaki, hazipo, inakufa. Kumbe ndizo zile dakika mbili zetu.

Na ile VGA niliyoifurahia ndiyo ilikuwa inapiga kelele kuliko vyote. VGA ni ya analojia, na Nvidia waliiondoa kabisa analojia kwenye kizazi cha Pascal, ambacho ndicho cha 1050 Ti, kama sisi Dar tulivyozimiwa TV za analojia mwisho wa 2012. Ukiona 1050 Ti ina VGA, irudishe kwenye boksi, mwage muuzaji, tembea.

Jumatatu nikarudi. "Kaka, ilitoka hapa nzima. Umeiunguza wewe na madraiva yako." Nikamwonyesha picha ya chipu. Akaitazama kama anatazama eksirei ya ndugu wa mtu mwingine. Risiti yenyewe ya mkono, chini imepigwa muhuri "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikudai, kwa sababu aliniambia nikitaka ya mashine bei inapanda. Hapo nilijinyonga mwenyewe, nakubali, nitukaneni hapo tu.

Sasa sikieni alichokuja kuniambia akijifanya ana huruma: niongeze elfu thelathini anipe GT 730. "Hii nayo ni GB 4, original."

GB 4! Wakuu, hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. GT 730 ya DDR3, memori ya zamani, yenye njia nyembamba ya biti 64, inapitisha data GB 14 hivi kwa sekunde. 1050 Ti inapitisha 112. Ukiipa GB 4 au 40, ni pipa la maji lenye bomba la peni. Lakini mtaani kote swali ni "GB ngapi?" Hata humu mtu akiomba ushauri wa kadi, jibu la kwanza ni "ina GB ngapi mkuu?" Hawa matapeli wametusikiliza, wakagundua tunachonunua ni tarakimu, wakaanza kutuandikia tarakimu.

Na viwanda vyenyewe havina usafi wa kutosha wa kuwanyooshea kidole. GT 1030 ilitoka 2017 na memori ya kasi ya GDDR5, mwaka uliofuata ikaletwa ya DDR4, memori ya polepole zaidi, jina lile lile, kasi ya memori ikashuka kutoka GB 48 hadi 17 kwa sekunde. AMD nao 2018 wakaitoa RX 580 2048SP, ambayo ukiipekua ni RX 570 iliyopandishwa cheo. RX 6500 XT ya 2022 wameiwekea njia 4 tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na mazabodi), kwa hiyo kwenye mazabodi kuukuu kama zetu za PCIe 3.0 inadhoofika, na ndiyo waliyoiita kadi ya watu wa bajeti. Mnyonge akinunua mpya anapunjwa kisheria, akinunua Kariakoo anapunjwa bila risiti.

Wa "ungenunua RX 580 ya wachimbaji" wa sarafu za kidijitali nawaona mnavyokuja. Ndiyo, tangu sarafu ya Ethereum iache uchimbaji Septemba 2022 zilimwagika sokoni. Zinataka pini 8 na wati 185. Nikaichomeke kwenye nini, jiko la mkaa? GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme ndiyo ingenifaa, bei yake ilinishinda, ndiyo nikaenda kwa 1050 Ti. Hata 750 Ti ya 2014, yenye wati 60, ningeichukua kwa moyo mweupe kama ningejua.

Nina maswali mawili. La kwanza, kuna aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani akiwa na risiti ya mkono tu? Ulianzia dirisha gani na ilichukua muda gani? Sitaki "achana nayo mkuu", hiyo nimeshaambiwa na mama.

La pili, mwenye BIOS ya asili ya GTS 450 ya GB 1, memori GDDR5, aniwekee hapa. Nataka niirudishie jina lake. Dogo ana rafiki mwenye pawa saplai ya maana, amesema ikisoma GTS 450 kweli atanipa elfu ishirini na tano.