Mjadala: Mwenye jina kwenye kadi ya pikipiki abebe dhamana gani ajali inapotokea?

Kila inapotokea ajali ya bodaboda, lawama humwendea dereva moja kwa moja: alikimbiza, hakuwa na leseni, alipakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, hoja ninayoileta ni kwamba mmiliki, yaani yule ambaye jina lake limo kwenye kadi ya usajili na ambaye kila jioni hupokea hesabu, yaani fedha ya siku waliyokubaliana na dereva, naye awajibike kisheria kwa hali ya chombo alichokitoa barabarani, na wajibu huo usihamishiwe kwa dereva kwa maneno ya mkataba. Najua wamiliki wenzangu wengi hawatakubaliana nami, na ndiyo sababu nauweka wazi mjadala huu.

Nami ni mmiliki. Mwaka 2018 nilinunua pikipiki hapa Morogoro, nikampa kijana wa jirani kwa mkataba ule tuliouzoea: aniletee shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 14, kisha chombo kiwe chake. Matengenezo yote yalikuwa juu yake. Mwezi wa tano alinieleza kwamba tairi la nyuma limekuwa kipara, akaniomba nimsamehe hesabu ya siku chache anunue jingine, nami nikamjibu avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Wiki hiyo hiyo mvua ilinyesha, akateleza kwenye kona akielekea Kihonda, akavunjika mguu, na abiria wake, mama mtu mzima, akaumia bega. Maelezo ya ajali yaliandikwa kuwa ni uzembe wa dereva. Mimi sikuulizwa hata swali moja, na kwa mujibu wa mkataba wetu sikuwa na kosa lolote. Lakini tairi lile nilikuwa nimeambiwa.

Tazameni jinsi mkataba wa namna hii unavyofanya kazi. Hesabu haibadiliki, mvua inyeshe au abiria wasiwepo, na dereva akishatoa hesabu, mafuta na chakula, kinachobaki, kama kipo, ndicho cha matengenezo. Kwa hiyo anaahirisha kila kitu ambacho hakizuii pikipiki kuwaka: viatu vya breki vilivyolika, cheni iliyolegea, taa ya indiketa, vioo vya pembeni. Pikipiki isiyo na breki bado inatembea na bado inaleta hesabu, na mmiliki anayeiona jioni ikiwa imeegeshwa hana sababu ya kuuliza. Ikumbukwe kwamba katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hukata zaidi ya mita 16 kila sekunde, na kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki huongezeka takriban mara nne. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini vijana wengi huiogopa na kutegemea ya mguu pekee, kwa kuwa walijifunza uwanjani kwa jioni mbili na hakuna aliyewaeleza.

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wamiliki ni kwamba hatuwezi kuwa katika kila makutano kumshika dereva mkono. Ni kweli, na sidai hivyo. Kupita taa nyekundu, kupakia abiria watatu au kuendesha akiwa amelewa ni makosa yake mwenyewe. Lakini tairi, breki, leseni ya daraja A, bima hai na kofia ngumu mbili ni vitu vinavyoonekana mlangoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chombo kutoka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba kofia nzuri hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40 na ya majeraha makubwa kwa takriban asilimia 70. Mjini Kigali kofia ya pili kwa ajili ya abiria ni jambo la kawaida. Kwetu abiria akiiomba huonekana msumbufu. Na kofia iliyokwisha kupigwa katika ajali ibadilishwe, hata kama ganda lake halina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halipokei tena pigo lingine.

Wengine wanasema kwamba wamiliki wakibanwa wataondoa pikipiki, na vijana watakosa kazi. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa najua nyumba zinazokula kwa kazi hii. Hata hivyo, gharama yenyewe si kubwa kiasi hicho: katika mkataba wangu wa sasa hesabu ya siku mbili kila mwezi inabaki kwa fundi, na chombo bado kinanilipa. Bima nayo itazamwe vizuri, kwa maana iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza isimlipe abiria aliyebebwa kwa nauli. Vilevile, mkataba ukiisha, umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) mara moja, kwani nimeona kadi nyingi zikibaki na jina la mtu ambaye hajaiona pikipiki hiyo kwa miaka mitatu.

Mahali ambapo bado sijapata jibu ni usiku. Niliweka sharti la kuegesha saa nne, dereva wangu akalipinga kwa sababu ya msingi: abiria wanaoshuka Msamvu kutoka mabasi ya mbali huwa usiku, na ndio wanaolipa vizuri. Kumkataza ni kumpunguzia kipato. Kumruhusu ni kumwacha barabarani baada ya saa 16 za kazi. Nimefikiria kugawa zamu kati ya madereva wawili, lakini basi chombo kitakuwa cha nani mkataba ukiisha? Wamiliki na madereva mliokwisha kulitatua hili, elezeni mliandikianaje.