Zana ya kuwapa mawakala wa akili unde ratiba na nafasi za feri: "nafasi" tuihesabuje?

Msafirishaji_Masaka

Salaam kwenu nyote. Ninatengeneza zana ndogo ya data ambayo wakala wa akili unde (programu inayofanya kazi kwa niaba ya mtu) ataweza kuiuliza kuhusu feri za hapa Uganda: ipi inaondoka lini, kutoka mwalo upi, na kama ina nafasi ya abiria au gari. Seva nimeijenga kwa kufuata Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi wa Novemba 2024, ili programu yoyote inayoielewa iweze kuitumia bila kuandikiwa msimbo wa pekee. Upande wa ratiba sina wasiwasi mkubwa, kwa kuwa GTFS, muundo wa kawaida wa kuandika data za ratiba za usafiri wa umma, tayari unaitambua feri kuwa aina mojawapo ya usafiri wa umma, nami ninaweza kuziandika humo safari za feri ya MV Kalangala kati ya Nakiwogo, Entebbe, na Lutoboka katika kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria, pamoja na zile za Bukakata, upande wa Masaka, na Luuku, huko huko Bugala. Kinachonikwamisha ni nafasi. Bukakata kuvuka ni bure, magari hujipanga kadiri yanavyofika. Sasa mteja akimwuliza wakala kama lori lake litavuka kesho asubuhi, zana yangu impe jibu gani?

Fundi_wa_Takwimu

Ndugu Msafirishaji, usiweke sehemu moja iitwayo "nafasi", kwa sababu ndani yake umechanganya vitu viwili. Kuna uwezo wa chombo, ambao hubadilika mara chache sana, na kuna nafasi iliyobaki, ambayo hubadilika kila gari linapopanda. Washington State Ferries, shirika la feri la jimbo la Washington nchini Marekani, hutangaza kwa kila safari inayokaribia idadi ya nafasi za magari zilizobaki, na wakala anaweza kuisoma moja kwa moja. Lakini huko magari huhesabiwa yanapoingia, na katika baadhi ya njia watu huweka nafasi mapema. Nambari yao imetokana na kitu kilichotokea. MV Kalangala hutajwa kwa kawaida kuwa hubeba abiria 108 na magari 8, na hiyo 8 haisemi lolote kuhusu kesho. Ukimpa wakala nambari hiyo chini ya jina "nafasi", atamwambia mteja kwamba nafasi nane zipo, tena kwa lugha ya kujiamini kabisa.

Kwa hiyo iite ya kwanza "uwezo_ulioidhinishwa". Ya pili iite "nafasi_iliyobaki", uiambatanishe na saa ya kipimo na jina la chanzo, na uiruhusu kurudisha "haijulikani". Usiweke sifuri mahali pa "haijulikani", maana wakala ataielewa kuwa feri imejaa. GTFS nayo haitakuokoa hapa: taarifa zake za papo kwa papo zinaweza kueleza ujazo wa abiria, lakini hazikusudiwi kuhesabu nafasi za magari kwenye sitaha.

Kuna na suala la saa, ambalo kwetu lina mtego wake. Kwa ratiba iliyozoeleka miaka mingi, MV Kalangala huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi na Nakiwogo saa nane mchana, yaani 08:00 na 14:00 katika data. Mteja akiandika "saa nane", iwe kwa Kiswahili au kwa Luganda, na wakala akaisoma kuwa 08:00, ataikuta safari halisi katika jedwali, ila ni ile ya upande wa pili wa ziwa. Kosa la namna hiyo halionekani kwa sababu jibu lina sura ya kweli. Zana irudishe saa pamoja na jina la mwalo wa kuondokea, kila mara, na isikubali swali lisilotaja mwalo.

Mwenyeji_wa_Bugala

Ninaongezea tu kwamba "magari 8" yenyewe ni hesabu ya kukadiria. Huku kisiwani tuna mashamba ya michikichi, na lori moja lenye mzigo huchukua mahali pa magari madogo kadhaa, achilia mbali uzito wake. Zana imwulize mteja urefu na uzito wa gari kabla ya kusema lolote.

Jingine ni kwamba Bukakata na Luuku huhudumiwa na vyombo viwili, MV Pearl na MV Ssese. Kimoja kikienda matengenezo, uwezo wa njia nzima hupungua kwa kiasi kikubwa hata kama jedwali la saa halijaguswa. Andika uwezo kwa jina la chombo, si kwa jina la njia, halafu weka alama ya kuonyesha kama chombo kinafanya kazi siku hiyo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, hata miyalo ilifunikwa na maji. Hali kama hiyo hakuna ratiba inayoieleza, kwa hiyo mwalo nao uwe na hali yake.

Baharia_Mstaafu

Wanangu, mnazungumza vizuri, ila uwezo ulioidhinishwa ni kikomo cha usalama, haufai kutumiwa kama shabaha ya mauzo. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Wakala asiruhusiwe kupendekeza safari kwa kukisia kwamba "mmoja zaidi haudhuru". Feri ya Nakiwogo ikijaa, apendekeze barabara ya Masaka hadi Bukakata, au asubuhi inayofuata, na asitafute mtumbwi wa haraka.

Msafirishaji_Masaka

Nashukuru, Mzee, nanyi nyote. Nitaigawa ile sehemu kama alivyoshauri Fundi, na urefu wa gari utakuwa sharti. Limebaki moja: nikiwapata watu mwaloni wanaokubali kutuma urefu wa foleni kwa ujumbe wa simu, taarifa hiyo idumu kwa muda gani kabla zana haijaifuta?

Fundi_wa_Takwimu

Idumu hadi feri inayofuata iondoke, isipite hapo. Feri ikishapakia, foleni uliyohesabu haipo tena, na taarifa ya zamani ni mbaya kuliko "haijulikani". Ila usiifute kabisa. Ihifadhi pembeni pamoja na siku na saa yake, kwa sababu ukishakusanya za miezi kadhaa utaweza kumwambia mteja kwamba siku za gulio foleni huwa ndefu, jambo ambalo ni makadirio, na zana iliite hivyo.