Gesti yangu Lushoto: nichukue .co.tz, .africa au hii ya bei chee?

MamaGesti
Wakuu, habari za jioni. Nina gesti ya vyumba sita Lushoto, njia ya kwenda Irente. Wateja wangu ni watumishi wanaokuja semina kutoka Tanga na Dar, na Wazungu wa kupanda milima, wengi wao Wajerumani. Hawa wa nje karibu wote wanapitia Booking.com, na kamisheni inaniumiza. Nataka tovuti yangu. Jina letu kwenye .com limeshikwa na mtu wa nje anayetaka mamia ya dola. Kijana anayetengeneza tovuti ananishauri .online kwa kuwa mwaka wa kwanza ni rahisi sana. Mwingine anasema .africa. Kibao na kadi vinasubiri kuchapishwa, naomba ushauri.

Kinyonga
Weka kistari katikati ya jina, uchukue .com. Mtu akisahau mwisho wa jina, kitu cha kwanza kuandika ni .com.

FunditzA
Dada, kistari hapana. Mteja wako akikupigia kutoka Korogwe na mtandao unakatakata, utamtajia "kistari" mara ngapi? Na akikisahau anaangukia kwa yule yule mwenye .com.

Chukua .co.tz. Wale wa semina wameizoea, wanaiona kwenye kila ankara na kila gari la kampuni. Mjerumani naye hatafuti jina lako, anatafuta malazi Lushoto. Mwisho wa .tz unaiambia Google kwamba biashara hii ni ya Tanzania, na mgeni akiiona anajua anaongea na wenyeji wenyewe. Hata .com haikupandishi kwenye utafutaji kwa sababu tu ni .com.

.africa si mbaya, ipo tangu 2017. Ningempa mtu anayepeleka watalii Kenya, Tanzania na Rwanda. Wewe unauza Usambara.

Hiyo .online muulize kijana swali moja: mwaka wa pili ni shilingi ngapi? Majina mengi ya aina hiyo huanza kwa ofa, kisha bei ya kuhuisha inapanda mara kadhaa, na wakati huo kibao kiko barabarani. Za bure ndiyo usiguse kabisa. Mwaka 2023 Gabon ilipoichukua tena .ga yake, mamilioni ya majina yaliyogawiwa bure yalifutwa.

Lakini linalonikosesha usingizi kwenye biashara za watu wetu ni umiliki. Jina la tovuti ni kama kiwanja, hati isomeke jina lako. Nimeona lodji ikipoteza jina ililolitumia kwa miaka kwa sababu fundi alilisajili kwa barua pepe yake, kisha akahamia mkoa mwingine na simu hapokei. Barua za wageni zikawa zinakwenda hewani. Mwambie kijana aweke jina lako, namba yako na barua pepe yako kama mmiliki, na nywila ya akaunti ukae nayo wewe. Asipokubali, tafuta mwingine.

Shambalai
Mbona hamtaji .hotel.tz? Ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

FunditzA
Ipo, na kwenye kadi inapendeza. Ila kwa simu mtu akisikia "hoteli" atamalizia mwenyewe na co.tz. Bajeti ikiruhusu achukue zote mbili, .hotel.tz impeleke mgeni kwenye .co.tz, na kibao kibaki na jina moja.

MamaGesti
Asante sana kaka. Nikichukua .co.tz, na barua pepe itakuwa ya jina hilo hilo? Na nikichelewa kulipia?

FunditzA
Ndiyo, na uitumie. Mgeni anayetuma malipo ya awali kutoka Ulaya anatulia akiona barua imetoka kwenye jina la gesti.

Kuchelewa usithubutu. Kwa .com, jina likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa, halafu siku 5, kisha yeyote analichukua. Kwa .tz muulize msajili wako, yaani kampuni inayokuuzia jina, masharti yake kabla hujalipa. Lipia miaka miwili mitatu kwa mkupuo kama mfuko unaruhusu, na tarehe ya mwisho uiandike kwenye daftari la mapato ya gesti, isikae kwenye simu ya kijana peke yake.