Nimelipia vitabu 14, cha mwisho sijakiona hadi leo!

Wakuu, nina hasira na siifichi.

Mwaka jana niliagiza seti nzima ya The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za dunia ya kubuni wa Robert Jordan, kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba aliyeko Dar, anajitangaza mtandaoni. Vitabu 14, elfu ishirini kila kimoja, jumla laki mbili na themanini. Nililipa kwa simu kidogo kidogo miezi minne. Boksi likaja kwa basi, nikalipokea stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, nikahesabu: 14. Nikalisukuma chini ya kitanda, nikawa natoa kimoja kimoja.

Juzi usiku nimemaliza cha 13, nikaingiza mkono kutoa cha mwisho. Jalada jipya kabisa, nikafungua kwa hamu. Ni cha 13 tena! Kimoja toleo la Marekani, kingine la Uingereza, majalada tofauti, maneno yale yale. Cha 14 hakimo.

Asiyesoma ataona nakuza mambo. Mimi nimekulia Chunya, nyumbani tulilima tumbaku. Cha kwanza, cha mwaka 1990, kinaanza na kijana Rand al'Thor, mtoto wa mfuga kondoo, kijiji cha watu wa tumbaku na sufu, baridi imegoma kuondoka. Nilikisoma Juni nimejifunika blanketi mbili huku Uyole. Nani angeniambia hao si watu wa kwetu? Nikavumilia hadi cha 10, ambacho hadithi inasota kurasa kwa kurasa mtu hafiki popote. Nilivumilia kwa sababu najua mwisho upo.

Na huo mwisho nusura usiwepo. Jordan alifariki 2007 hajamaliza. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake, akamkabidhi kazi mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, pamoja na maandishi aliyoyaacha marehemu. Kitabu kimoja kilichobaki kikazaa vitatu, cha mwisho kikatoka Januari 2013. Mwandishi alipambana na ugonjwa huku akiwaandalia wasomaji wake mwisho, halafu mtu wa kufunga boksi tu anashindwa kusoma namba?

Nimempigia. Kanijibu, "Bosi, kitabu ni kitabu, hicho kingine uza." Nikamwambia nitarudisha kwa nauli yangu, anitumie cha 14. Akakata. Sasa namba yangu haipiti kwake. Huo ni wizi, na unatukuta zaidi sisi wa mikoani kwa sababu anajua hatutapanda basi kwenda Dar kwa ajili ya elfu ishirini.

Hapa mjini nimezunguka hadi Mwanjelwa. Maduka yamejaa vitabu vya kiada na madaftari. Ukiuliza riwaya unaulizwa ni ya kidato cha ngapi. Shaaban Robert alitujengea nchi nzima angani, Kusadikika, tangu 1951, nasi tumeifanya swali la mtihani! Hiyo nimeshaisoma, na Adili na Nduguze pia. Zote tamu ila zinaisha mapema mno, mimi nataka kitu cha kuishi nacho mwaka mzima.

Kwa hiyo naombeni msaada wa mambo mawili.

Nitajieni mfululizo mrefu wa dunia za kubuni ULIOKWISHA. Msinitajie A Song of Ice and Fire. Cha 5 kilitoka 2011 na watu bado wanasubiri cha 6, moyo wangu hauwezi tena. Kama kuna mtu anaandika wa Kiswahili, hata kwa vipande mtandaoni, huyo nitajieni wa kwanza kabisa. Na msiniambie nisome kwenye simu, nashinda kwenye kompyuta ya kazini, macho yananiuma.

La pili, mwenye A Memory of Light, ndicho cha 14, awe Iringa, Makambako, Njombe, Tukuyu, popote ukanda huu, aniandikie. Nitakifuata mwenyewe, nauli yangu. Hata kuazimwa wiki mbili natosheka, na cha 13 cha ziada nakuja nacho, ni chake.