Niliuziwa skrini, gari lenyewe linavuja

Wenzangu, nina hasira na sitaificha. Gari langu la umeme halijamaliza miezi minane tangu nilitoe yadi, jipya kabisa, kwa mkopo wa sacco nitakaoulipa miaka minne. Jana mvua ilinyesha usiku kucha huku Kasarani, Nairobi. Asubuhi nikainua zulia la nyuma, nikachota maji kwa kikombe. Vikombe vitatu! Na chini ya zulia hilo ndimo nyaya zinamopita.

Maji yanaingilia mlango wa nyuma, kushoto. Pengo kati ya mlango na bodi, kwa juu kidole changu kinaingia, kwa chini hata ukucha haupiti. Raba imebandikwa kwa gundi na kona yake imekunjamana. Msiniambie ni matuta ya barabara ya Outering. Mlango ulitoka kiwandani umekaa upande, nami sikuuona kwa sababu muuzaji alinikalisha mbele ya skrini nusu saa nzima: kamera, gari kujiegesha lenyewe, kuamuru dirisha lifunguke kwa sauti. Mlango hakuufungua hata mara moja.

Nimewapigia simu walioniuzia mara nne. Jibu ni lile lile, nisubiri sasisho la programu. Programu gani inaziba raba? Raba ya Toyota Probox naipata Kirinyaga Road kabla ya chakula cha mchana. Hii yangu wanasema mpaka iagizwe ng'ambo.

Wala si magari ya bei ya chini pekee. Machi 2025 Tesla iliyaita yarudi kurekebishwa magari yake ya Cybertruck, zaidi ya 46,000, huko Marekani, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyoshikizwa kwa gundi vingeweza kubanduka gari likiwa barabarani. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo iliyaita yarudi magari yake ya Model S na Model X, karibu 135,000: chipu ya kumbukumbu ya skrini ilikuwa inachakaa, na ikifa, kamera ya nyuma inakufa nayo. Kwa hiyo hata hiyo skrini tunayoililia huzeeka.

Sikatai teknolojia. Mfumo wa kupoza betri kwa kimiminika ningeulipia hata leo. Nissan Leaf za mwanzo zilitegemea hewa tu kupoza betri, na walionazo hapa mjini wanajua uchungu wa kutazama zile alama 12 za uwezo wa betri zikipungua moja baada ya nyingine. Hiyo ni teknolojia inayolinda pesa yako. Kuamuru dirisha kwa sauti hakunilindi na chochote.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Jumatatu naenda na picha zangu. Nataka mlango upangwe upya, nyaya zikaguliwe nikiwa nimesimama pale, na barua yenye sahihi kwamba kutu ikianza, gharama ni yao.

Mwenye gari la umeme lililonyeshewa wiki hii, inua zulia la nyuma leo usiku upapase, halafu uje useme hapa umekuta nini.